Neno Adimu Halina Mzawa: Hoja dhidi ya Kufundisha Ushairi kwa Sherehe

Utangulizi

Makala haya yameandikwa kwa nia ya kuchochea mjadala, na kwa hivyo msimamo wake utatajwa mapema. Tunadai kwamba neno adimu la kifasihi halina mzawa. Hakuna mtu, awe amezaliwa London au Lodwar, anayelinyonya neno la aina hiyo pamoja na maziwa ya mamaye. Kila alijuaye amelipata katika maandishi, na kila atakaye kulijua hana budi kupita njia iyo hiyo. Ikiwa dai hili ni la kweli, basi mazoea ya kuwafundisha wanafunzi wetu ushairi wa Kiingereza kwa sherehe, yaani ile orodha ya maneno magumu na maana zake ibandikwayo chini ya shairi, hayana msingi wa kitaaluma. Tena yana madhara. Yanamzoesha mwanafunzi kuamini kwamba maana ni mali ya mtu mwingine, na kwamba kazi yake yeye ni kuikopa.

Ili tusibishane hewani, tutalifuata neno moja tu, nalo ni "darkling". Ni neno ambalo Mwingereza wa kawaida anaweza kuishi miaka 80 asilitamke hata mara moja. Hata hivyo, limo katika mashairi ambayo yamefundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kwa miongo mingi: Keats, Arnold, Hardy. Sherehe hulimaliza kwa kisawe kimoja: "gizani", au "-a giza". Siku hizi simu ya mkononi hutoa jibu lilo hilo kwa kufumba na kufumbua, na mwanafunzi huendelea na ubeti unaofuata akiwa ameridhika. Swali letu ni hili: ameridhika kwa kupata nini?

Safari ya neno

Tuanze na Shakespeare, ambaye analitumia neno hili katika tamthilia zake zaidi ya moja. Katika A Midsummer Night's Dream, Helena yumo msituni usiku akimsihi mwanamume ampendaye asimwache. Katika King Lear, mchekeshaji wa mfalme anatoa fumbo juu ya ndege aliyelea kinda la mwenziwe na mwisho wake ukawa mbaya, kisha anaongeza habari ya mshumaa uliozimika na watu walioachwa. Mahali pote pawili neno letu linaandamana na kitenzi cha kuacha. Helena anaogopa kuachwa. Mchekeshaji anasema kwamba tumeachwa. Kwa hivyo "darkling" ya Shakespeare, katika sehemu hizi mbili, ni zaidi ya kukosekana kwa mwanga. Ni hali ya mtu ambaye mwingine ameondoka na taa. Kisawe "gizani" kinatupa mahali alipo mtu huyo, lakini kinatuficha kwamba yupo mwenzake aliyemtupa hapo.

Mwaka 1667 Milton alichapisha Paradise Lost. Mwanzoni mwa kitabu cha tatu cha utenzi huo anaiita nuru, naye kwa wakati huo alikuwa kipofu kwa miaka mingi. Hapo ndipo anapomtaja ndege aimbaye usiku, aliyejificha katika kivuli, na hapo ndipo neno letu linapomwangukia ndege huyo. Kisarufi bado ni kielezi: ndege anaimba akiwa katika hali ya giza. Lakini tangu hapo neno limepata mzigo mpya. Giza si la kuachwa tu. Limekuwa giza ambalo ndani yake sauti inatoka. Mshairi asiyeona anajilinganisha na ndege asiyeonekana.

Keats, ambaye aliisoma Paradise Lost kwa kalamu mkononi, alilichukua neno hilo mwaka 1819 katika shairi lake kuhusu ndege yuyo huyo. Akaligeuza. Kwa Milton, aliye gizani ni mwimbaji; kwa Keats, aliye gizani ni msikilizaji. Mshairi hawezi hata kuyaona maua yaliyo miguuni pake, na kilichobaki kwake ni masikio. Mwanafunzi asiyemjua Milton hataweza kuona kwamba hapa pametendeka jambo: nafasi ya ndege imekaliwa na mtu. Sherehe haiwezi kumwonyesha, kwa kuwa katika sherehe "gizani" ya Milton na "gizani" ya Keats ni kitu kimoja.

Arnold, katika "Dover Beach" iliyochapishwa mwaka 1867, anafanya mabadiliko mengine. Neno sasa ni kivumishi, na linaeleza uwanda ambamo majeshi yanapigana usiku bila kutambuana. Aliye gizani si kiumbe mmoja tena bali dunia nzima. Na katika shairi hilo pia ni masikio yanayotangulia: tunaisikia bahari ikivuta kokoto ufuoni kabla ya kuusikia mkanganyiko wa vita.

Mwisho ni Hardy. Shairi lake kuhusu ndege aitwaye thrush lilichapishwa katika gazeti la The Graphic tarehe 29 Desemba 1900, likiwa na anwani iliyotaja kitanda cha mauti cha karne. Baadaye Hardy aliibadilisha anwani hiyo ikawa "The Darkling Thrush". Msomaji na aukague mwili wa shairi lenyewe: neno "darkling" halimo katika mshororo wowote. Limo katika anwani peke yake. Kwa maneno mengine, Hardy alilitundika mlangoni kama anayesema kwamba aingiaye humu na aingie akiwa na Milton, Keats na Arnold kichwani. Wale walikuwa na ndege mwenye sauti tukufu, au uwanda wa vita. Yeye ana ndege mzee, aliyekonda, manyoya yametimuliwa na upepo, akiimba jua linapozama, na mshairi asiyejua sababu ya furaha ile.

Hapa sherehe haikosi tu kusaidia, bali inapotosha. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba neno hilo maana yake ni "-a gizani" huandika kwamba ndege wa Hardy anaimba usiku wa manane. La hasha! Anaimba wakati wa utusitusi, giza likiingia. Na giza lenyewe linamwingia yeye pia, kwa kuwa umri wake umekwisha kama karne ilivyokwisha. Msomaji aliyelifuata neno kutoka kwa Shakespeare hadi hapa ana ushahidi wa kutosha kusema jambo ambalo kisawe kimoja hakiwezi kulisema: kuanzia Milton, "darkling" katika mashairi haya ni neno la sikio. Linatokea mahali ambapo jicho limeshindwa na sauti imebaki. Huko ndiko kuijua maana.

Kosa la bingwa

Mpinzani wetu atasema: haya yote ni sawa kwa Mwingereza, ambaye lugha ni yake. Mwanafunzi kutoka Kitui au Kakamega anahitaji kusaidiwa, na sherehe ndiyo msaada wenyewe. Hoja hii ndiyo tunayotaka kuing'oa, kwa kuwa imejengwa juu ya dhana kwamba mzawa ana ufunguo ambao mgeni hana.

Hebu tumtazame mzawa mmoja ambaye hakuna awezaye kumshuku. Samuel Johnson alichapisha kamusi yake mwaka 1755, kazi ya juzuu mbili yenye maneno zaidi ya 40,000. Miaka sita kabla yake, katika shairi lake The Vanity of Human Wishes la mwaka 1749, yeye mwenyewe alikuwa amelitumia neno "darkling" kumweleza mwanadamu anayechukuliwa na majaliwa asijue aendako. Basi huyu ni mzawa, mshairi na mwanakamusi kwa pamoja. Alipofika kwenye kidahizo hicho alisema nini juu ya asili yake? Alikisia kwamba ni umbo lililotokana na kitenzi "darkle", kisha akakiri kwa uaminifu kwamba kitenzi hicho hakuwahi kukiona popote.

Hakukiona kwa sababu hakikuwapo. Neno hili halikutokana na kitenzi. Liliundwa katika Kiingereza cha karne ya 15 kwa kuongeza kwenye "dark" kiambishi tamati "-ling", ambacho zamani kilitumiwa kuunda vielezi vya hali na mwelekeo. Kiambishi hicho kilikufa. Mabaki yake yamejificha katika maneno kama "headlong" na "sidelong", ambayo umbo lake lilibadilishwa watu walipokuwa hawakielewi tena. Tena hakina uhusiano na ile "-ling" nyingine inayounda nomino, kama katika neno la Kiingereza la kifaranga wa bata. Waingereza walipoisahau sarufi ya babu zao, walilitazama neno "darkling", wakaona mwisho unaofanana na wa vitenzi vyao, wakadhani ni kitenzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 kitenzi "darkle" kikaanza kutumika kwa kweli. Byron anacho katika Don Juan. Kitenzi ambacho Johnson alikitafuta asikipate kilizaliwa na kosa lile lile alilolifanya yeye. Wala si kisa cha pekee, kwani kitenzi "grovel" nacho kilichongwa kutokana na kielezi kilichokuwa na kiambishi kile kile.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashangazwa na jambo hili. Sisi tulilipokea neno la Kiarabu la kitabu, tukasikia "ki-" mwanzoni mwake, tukalitia katika ngeli ya KI-VI na kupata "vitabu". Barabarani tukapata "kiplefti" na "viplefti". Hakuna anayelia kwamba tumekosea. Lugha hujengwa na watu wanaoelewa upya. Lakini hilo ndilo linalothibitisha hoja yetu: anayeelewa upya hakuwa amerithi maana ya kale. Johnson alikuwa mbele ya neno hilo kama alivyo mwanafunzi wetu leo. Alikuwa na maandishi, na alikuwa na akili yake. Hakuwa na kitu cha tatu.

Tunaweza kwenda hatua moja zaidi. Katika jambo hili msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko Mwingereza wa sasa. Kiambishi kilichounda kielezi "darkling" kimekufa katika Kiingereza, ilhali sisi tunacho kiambishi hai cha kazi inayokaribiana nayo. Tunasema gizani, na tunasema pia mashakani na taabuni, ambapo "-ni" haitaji mahali pa kukanyaga kwa mguu bali hali ambayo mtu amezama ndani yake. Mwanafunzi akielekezwa kuona hivyo, ataihisi sarufi ya Shakespeare na Milton kutoka ndani ya lugha yake mwenyewe. Sherehe, ambayo inampa neno "gizani" bila kumwambia lolote juu ya umbo lake, inaupoteza hata msaada ulioko mdomoni mwake.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la kisiasa. Kwa nini tuhangaike na neno ambalo Waingereza wenyewe wamelitupa? Je, hatukuyamaliza haya mwaka 1968? Tunajibu kwamba waraka walioutoa Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong mnamo Oktoba 1968 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi haukutaka fasihi ya Kiingereza isisomwe. Ulitaka ihamishwe kutoka kitovuni, na Afrika iwekwe hapo. Kusoma kutoka kitovu chako ni kusoma kwa mamlaka. Mwalimu anayemtwika mwanafunzi orodha ya visawe vilivyoidhinishwa kwingine ameihamisha silabasi, lakini kiti cha mamlaka amekiacha palepale kilipokuwa. Mwanafunzi anayekusanya matumizi ya neno, akayalinganisha na kutoa hukumu, amekikalia kiti hicho yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la muda. Muhula ni mfupi, madarasa yamejaa, na mtihani ni wa saa chache. Tunakubali. Hatudai kwamba kila jina la mti wa Ulaya lifanyiwe uchunguzi. Sherehe inatosha kumweleza mwanafunzi kwamba neno fulani ni jina la ua. Lakini katika kila shairi kuna neno moja au mawili yanayoibeba nguzo ya paa. Kuyapa maneno hayo kisawe ni sawa na kumwambia mgeni kwamba nguzo ni mti. Ni kweli, lakini nyumba imesimama juu yake.

Liko pia kosa linalofuatana na sherehe kama kivuli chake, nalo ni la matumizi. Aliyejifunza neno kwa kisawe hujiona ana ruhusa ya kulitumia popote kisawe hicho kinapofaa. Hivyo ndivyo tasnifu zinavyojaa maneno adimu yaliyovalishwa sentensi kama vito vya kuazima: bonde lenye giza linaitwa "darkling", chumba kisicho na umeme kadhalika. Kosa hilo si la sarufi. Ni la kuongea na watu usiowajua kana kwamba ni ndugu zako. Neno hilo linamwita Milton na Keats kila linapotamkwa. Mwandishi asiye na haja nao angeandika "dark" na akaeleweka. Kinyume chake, mwandishi wa riwaya anaweza kulichukua na kulipa maisha mapya, kama alivyofanya Leigh Bardugo katika Shadow and Bone ya mwaka 2012, ambamo neno hilo ni lakabu ya mhusika mwenye uwezo wa kuliita giza. Limekuwa nomino. Hakuna wa kumkataza. Mwanafunzi aliyekutana nalo kwanza huko hana cha kuonea haya. Anachohitaji ni kujua kwamba amelikuta mwishoni mwa safari, si mwanzoni.

Nyumbani pia

Itakuwa unafiki kuwalaumu walimu wa Kiingereza na kuwasamehe wa Kiswahili. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir umepitia mikono ya wahariri wengi, akiwemo William Hichens mwaka 1939, na kila toleo lina maelezo yake. Wanafunzi wetu husoma maelezo hayo kwanza, na utenzi baadaye, kama utabakia muda. Wakiulizwa juu ya neno gumu, jibu la haraka ni kwamba aulizwe mzawa wa pwani.

Ushauri huo una kweli na una mtego. Lazima tutenganishe uadimu wa aina mbili. Kuna neno ambalo ni adimu kwa sababu ya umbali. Msomaji wa Nairobi akikutana na "mato" kwa maana ya macho, au "nti" kwa maana ya nchi, mzee wa Lamu atamtatulia papo hapo, kwa kuwa hilo ni Kiamu, lugha ya nyumbani kwake. Hapa mzawa ni hakimu halali, na asiyemheshimu amepotea. Lakini kuna neno ambalo ni adimu kwa sababu ya umri, au kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa la washairi. Neno la namna hiyo halisemwi sokoni Lamu wala Mombasa. Mzawa akiulizwa atakisia, kama Johnson alivyokisia, na huenda akakisia vizuri. Walakini kukisia kwake ni ushahidi wa kupimwa, si hukumu. Atakayetoa hukumu ni yule aliyeyapekua maandishi ya tenzi na mashairi, pamoja na kamusi za kale kama ya Krapf ya mwaka 1882 na ya Sacleux, akayaweka matumizi bega kwa bega. Anaweza kuwa Mwamu. Anaweza kuwa Mluhya.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kila kozi ya ushairi mwanafunzi wa uzamili apewe neno moja adimu, na kabla ya kufungua kamusi akusanye matumizi yake yasiyopungua matano, akiandika kila moja ni la nani, la mwaka gani, ni aina gani ya neno, na limeandamana na maneno yapi. Leo, ambapo maandishi mengi ya kale yanapatikana katika kompyuta na yanaweza kupekuliwa kwa neno, kazi hiyo haihitaji safari ya kwenda Oxford. Pili, kamusi ifunguliwe baadaye, nayo isomwe kama hoja ya mtu na si kama amri. Waliotunga kamusi kuu ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, walifanya kazi kwa vikaratasi vya matumizi vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea; maana waliyoiandika iliokotwa humo. Mwanafunzi anao uwezo wa kurudia kazi yao kwa neno moja na kuikagua. Tatu, mtihani uache kuuliza "eleza maana ya neno hili" na uanze kuweka vifungu viwili mbele ya mtahiniwa, ukimtaka aonyeshe neno lilifanya nini katika kila kimoja.

Watakaotupinga tunawakaribisha. Tunawaomba jambo moja tu: watutajie mzawa wa neno "darkling", mtu aliyelijua bila kulisoma wala kusomewa. Wakimpata, tutazirejesha sherehe zote mahali pake na kuomba radhi. Wasipompata, basi wakubali kwamba mbele ya neno hilo mwanafunzi wetu na profesa wa Cambridge wameketi kwenye benchi moja, na kwamba tumekuwa tukimnyima mwanafunzi nafasi yake kwa kumpa karatasi ya majibu kabla hajaliona swali.